Greda Iliyofia Kwenye Kona

Ukifika Keroka ukauliza habari za Nyabuto, utaulizwa kwanza ni Nyabuto yupi, maana jina hilo huku halina uhaba. Sema ni yule wa greda. Hapo hata mama anayeuza parachichi kando ya lami atakuelekeza. Mtu huyo ameendesha greda tangu ndevu zake zikiwa za kuhesabu, kwanza kwa serikali, halafu kwa makandarasi wa kila namna, na mwishowe kwa Ouko, mtu wa ziwani aliyefungua yadi ya mashine nyuma ya maegesho ya malori. Barabara nyingi za udongo unazopita pande za Nyamira bila kumshukuru mtu, Nyabuto ndiye aliyezikwangua.

Na usidhani alikuwa mpole, hapana. Alikuwa na ulimi, na hakupenda mtu wa kumwelekeza kazi. Ukisimama mbele ya greda yake umefunga mikono nyuma kama mkaguzi, angekuambia bila kupepesa macho kwamba kwenu hakukosi kuni za kupasua, nenda ukapasue. Watu walimcheka na wakampenda hivyo hivyo. Hata Ouko, mwenye mali, alimwita mzee na kumsikiliza.

Greda yenyewe ilikuwa kikongwe. Rangi yake ya manjano ilikuwa imebaki mahali pachache tu, rejeta ilivuja, mkanda wa feni ulilegea kila wiki, na asubuhi injini ilikohoa moshi mweusi kabla ya kukubali kuamka. Ilikuwa ya mtindo wa zamani: bledi, kile kisu kirefu cha tumboni kinachokwangua udongo, huinuliwa kwa nguvu ya injini peke yake. Injini ikilala, kisu nacho kinalala palepale kilipo. Ouko alikuwa ameambiwa mara nyingi aiuze, akawa anajibu kwamba ataiuza siku Nyabuto atakapostaafu.

Nyabuto aliijua mashine hiyo kama mtu anavyomjua mke aliyezeeka naye. Na kila opareta aliyepitia mikononi mwake alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: injini iliyofanya kazi ngumu haizimwi ikiwa moto. Unaiondolea mzigo, unaiacha ingurume polepole, maji yazunguke, chuma kipoe. Ukiizima ghafla, maji yanasimama na kuchemkia ndani ya kichwa cha injini, na chuma kinapasuka. "Hata wewe," alikuwa akiwaambia, "ukitoka kupanda kilima hujitupi chini papo hapo. Unasimama kwanza, unapumua." Shika hilo, maana ndilo lililommaliza.

Nyumbani kwake ni Manga, juu kabisa mgongoni mwa kilima, kati ya chai na migomba. Huko aliishi na mkewe Edinah, ambaye figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Kila Jumanne na kila Ijumaa ilibidi Edinah ashuke hadi mjini Kisii, hospitalini, akasafishwe damu. Akikosa mara moja, uso unavimba na pumzi inakuwa nzito. Akikosa mara mbili tatu, basi. Daktari alikuwa amesema hivyo bila kuzungusha maneno.

Taabu haikuwa Kisii, ilikuwa kufika barabarani. Kutoka mlangoni kwao hadi mahali gari linapoweza kusimama palikuwa na njia iliyotafunwa na mvua, mashimo juu ya mashimo, na chombo cha pekee kilichoipanda ni bodaboda. Pikipiki ilimrusha Edinah huku na huku, na ule mrija aliowekewa chini ya shingo ukamuuma hadi akauma leso. Akitoka kusafishwa alikuwa amekamuka kama nguo, halafu bado aipande njia hiyohiyo. Binti yao Purity ameolewa Mosocho, karibu na mji, na alimwomba mama yake ahamie kwake. Edinah hakutaka hata kusikia. Kwa Abagusii kuna chinsoni, ile heshima na haya kati ya wakwe, na mama hawezi kwenda kulala nyumbani kwa mume wa bintiye, awe mgonjwa, awe mzima.

"Nikafie kwa mkwe?" alisema. "Afadhali nirushwe na pikipiki."

Lakini siku nyingine, akiwa na nguvu kidogo, alimtania mumewe. "Baba Purity, umewachongea barabara watu wa kaunti mbili. Mimi utanichongea lini, nipelekwe na gari kutoka mlangoni kama bibi harusi?"

Utani huo ulimchoma Nyabuto kuliko matusi. Akamwambia Ouko, akamwambia tena, na Ouko hakuwa mtu mbaya. Kazi moja ilipoisha na nyingine haijaanza, akamwita yadini akamwambia, "Mzee, panda na greda kwenu. Tengeneza barabara ya mama. Dizeli ni yangu."  Nyabuto, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alimshika tu mkono Ouko, akautikisa, akaenda zake.

Alianza chini Jumapili. Watu wa Manga walitoka kutazama, na kwa mara ya kwanza hakumfukuza mtu. Greda ilipanda, ikakwangua, ikaziba mashimo, na magari yakaanza kumfuata nyuma kama vifaranga. Hadi Ijumaa alikuwa amefika kwenye kona kali iliyo juu ya boma la Manasseh, mzee wa kanisa la Wasabato. Baada ya kona hiyo kuna kipande kifupi tu, halafu lango la Nyabuto. Upande mmoja wa kona ni ukingo wa udongo uliosimama wima, na upande wa pili ni mteremko unaoangukia kwenye paa la Manasseh.

Mchana wa Ijumaa hiyo Edinah alirudi kutoka Kisii. Gari lilimshusha nyuma ya greda na akapanda bodaboda kumalizia. Alipita karibu kabisa na mumewe, amefumba macho, amemshika dereva kiunoni kwa mikono miwili, na hakumwona. Nyabuto alimwangalia hadi akapotea kwenye migomba. Akaapa moyoni kwamba Jumanne Edinah atapanda gari mlangoni pake.

Sasa, Nyabuto alikuwa Msabato wa kweli, si wa kusindikiza wenzake. Kazi ya serikali aliiacha kwa sababu bosi mmoja alimtaka afanye kazi Jumamosi. Sabato huingia Ijumaa jua linapotua, kwa hiyo siku zote Ijumaa alikuwa akiegesha mashine jua lingali juu, akapata wakati wa kuoga na kutulia. Siku hiyo hakuegesha. Alitaka kona iishe. Udongo wa pale ulikuwa umeshikana na mawe, bledi ilikuwa imezama, injini ilikuwa ikilia, na mshale wa joto ukapanda ukaingia kwenye rangi nyekundu. Aliuona. Akasema, "Bado kidogo." Ni maneno ambayo angemtusi mtu mwingine kwa kuyasema.

Jua lilikuwa linagusa kilima ng'ambo. Huko chini Manasseh alitoka uani amevaa shati safi, akainua macho, akatazama greda, akatazama jua. Halafu nyumbani kwake wakaanza kuimba, wanaikaribisha Sabato. Nyabuto alishtuka. Mkono wake ukaenda kwenye kile kivuto cha kuzimia injini, na hapo ukasimama, kwa sababu alijua. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini kilima kizima kilikuwa kinasikia mngurumo ule, mzee wa kanisa alikuwa anamtazama, na jua lilikuwa limebaki ukucha tu. Hakuwahi kukutwa na Sabato akiwa kazini maisha yake yote. Nani alimwambia kwamba Mungu anashika saa mkononi akiingoja injini yake? Hakuna. Alijiambia mwenyewe. Akavuta.

Greda ikanyamaza. Kukawa na ukimya, kisha ndani ya chuma maji yakaanza kuchemka, yakinguruma kama sufuria ya githeri, na baada ya hapo mlio mmoja mkavu ukatoka, kama kikombe cha udongo kinapopasuka. Nyabuto alishuka, akapangusa mikono, akaenda nyumbani kuoga. Alijiambia si kitu.

Kesho yake kanisani Manasseh alisimama mbele kutoa matangazo, na alipomaliza akamtaja. Akasema ndugu yetu Nyabuto ametufundisha, kazi ikiwa katikati, barabara ya mkewe mwenyewe, jua lilipotua alizima mashine hapo hapo, hakuongeza hata dakika. Watu wakasema amina. Nyabuto aliinamisha kichwa, na waliokaa karibu wakadhani ni unyenyekevu. Edinah hakudhani hivyo. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka mingi.

Walitembea kurudi nyumbani polepole, wakipumzika kila baada ya hatua chache.

"Ilikuwa moto?" Edinah akauliza.

"Ilikuwa moto."

"Na hukuiacha ipumue?"

"Sabato ilikuwa imeingia."

Edinah alisimama, akashika mti wa mkaratusi kando ya njia. "Yesu mwenyewe alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mtu anamtoa. Wewe umeshindwa tu kumwacha ng'ombe apumue."  Siku hiyo ulimi wa Nyabuto ulikuwa umeisha makali, na haukunolewa tena.

Jumapili alfajiri alikuwa kwenye kona. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeupe na nzito kama uji wa mtoto. Maji yalikuwa yameingia ndani. Alijaribu kuwasha hata hivyo, kama mtu anayemwita maiti jina, na injini haikugeuka hata robo. Akaketi chini kwenye udongo alioukwangua mwenyewe. Jua lilipopanda akampigia Ouko simu.

Ouko alikuja na fundi Nyasani wa Keroka, mtu mnene asiyependa maneno mengi. Walifungua injini hapo hapo njiani, juu ya magunia. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka kutoka upande hadi upande, na pistoni mbili zilikuwa zimegandana na chuma kama zimechomelewa. Nyasani alipitisha kidole kwenye ufa, akakifuta kwenye suruali.

"Hii si ya kutengeneza," akasema. "Spea zake zilikwisha duniani zamani. Hii ni ya kukata."

 Ouko akamgeukia Nyabuto. "Mzee, uliizimaje?"

Nyabuto angeweza kusema uongo. Mashine kuukuu hufa, nani angemshika? Lakini alisema kila kitu, mshale, jua, nyimbo, mkono wake. Ouko alisikiliza hadi mwisho, na uso wake haukuwa wa hasira. Ingekuwa afadhali kama ungekuwa wa hasira.

"Ni wewe ulinifundisha hiyo maneno ya kuacha ipoe," Ouko akasema taratibu. "Na mimi nasali Jumapili, mzee. Si ungeiacha tu ikinguruma, unipigie? Ningepanda nije kuizima mwenyewe."

Nyabuto alimtazama mdomo wazi. Jambo jepesi hivyo, halikumpitia akilini. Nyasani, aliyekuwa akifunga spana zake, alimwonea huruma akamtupia lile la wazee, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo nimelivunja mimi," Nyabuto akajibu, "na limelala mlangoni pa mgonjwa."

Na kweli lilikuwa limelala. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Greda ilikuwa imekaa kwa mshazari katikati ya kona, pua yake imegusa ukingo wa udongo, magurudumu ya nyuma yako mdomoni mwa mteremko, na bledi imezama ardhini, haiinuki kwa sababu injini ya kuiinua ndiyo iliyokufa. Walijaribu jeki za malori, zikazama. Walileta trekta, likavuta hadi mnyororo ukakatika. Kuisukuma pembeni hakukuwezekana, maana pembeni ni paa la Manasseh. Mzee huyo wa kanisa alikuja mwenyewe na fimbo yake. "Ndugu, tutaomba," akasema, "lakini hiyo mashine msiisukume upande wangu." Watu wa vyuma chakavu walisema wataikata kwa gesi, ila wangoje njia ikauke ndipo gari lao lipande. Na jioni ile ile mvua ya masika ikaanza.

Hapo ndipo watu walipotambua kwamba njia mbovu ni bora kuliko njia iliyofungwa. Udongo uliokwanguliwa, ambao haukuwahi kushindiliwa, uligeuka tope la kumeza gumboti. Bodaboda haikupanda tena. Lori la majani ya chai halikufika kwenye kituo cha juu, na wanawake wakawa wanashuka na vikapu mgongoni, wakiteleza. Kwenye kona palibaki upenyo wa mtu mmoja, ajibanze ubavu chini ya pua ya greda, kati ya ukingo na chuma. Zamani walikuwa wakimwita Nyabuto mzee wa greda kwa heshima. Sasa walisema hivyo wakitema mate.

Edinah alibebwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa miti miwili. Mwanzoni walijitokeza wanaume wengi wa kanisa, wakabadilishana mabega, wakaimba hata. Kwenye kona walilazimika kumtoa kitini na kumpitisha mkono kwa mkono chini ya pua ya greda, na yeye alifumba macho, akasema asante kwa kila aliyemshika. Nyabuto alikuwa wa mwisho kumpokea kila mara. Hakuna aliyemwambia pole.

Lakini mtu anachoka. Mmoja aliumia mgongo, mwingine akasema majani ya chai hayangojei, wengine hawakusema kitu, hawakuja tu. Mimi siwalaumu. Mzigo wa mwenzako ni mwepesi siku ya kwanza. Purity alipiga simu kutoka Mosocho akilia, akasema mumewe amekubali kulala kwa ndugu yake ili mama apate chumba. Edinah akamjibu kwamba mumewe ni mtoto mwema, na kwamba hatamfukuza mtoto mwema nyumbani kwake.

Ikafika Ijumaa moja, mvua imenyesha tangu alfajiri, na uani hakuja mtu isipokuwa Manasseh na magoti yake mabovu. Nyabuto alikitazama kile kiti, akamtazama Manasseh, akachuchumaa mbele ya mkewe. "Panda," akasema. Akamfunga mgongoni kwa leso mbili, kama anavyofungwa mtoto, akashika fimbo, na Manasseh akatangulia akiwafungulia njia kwenye matope.

Edinah alikuwa mwepesi sana, na wepesi huo ulimtisha Nyabuto kuliko uzito wowote aliowahi kuubeba. Aliteleza mara kwa mara, akapiga goti, akasimama. Walipofika kwenye greda alimfungua na kumketisha juu ya ngazi ya kupandia, apumue kabla ya kupita ule upenyo. Maji ya mvua yalikuwa yanachuruzika kwenye kutu. Huko chini, dereva waliyemwita alipiga honi.

"Nirudishe," Edinah akasema.

"Tumekaribia, Mama Purity. Gari liko pale."

"Sijasema hatujakaribia. Nimesema unirudishe."

"Ukikosa leo..."

"Najua nikikosa leo. Daktari aliniambia mimi kabla ya kukuambia wewe." Alivuta pumzi, ikamchukua muda kuipata. "Na Jumanne nani atanibeba? Na Ijumaa? Nimechoka kupitishwa mikononi mwa watu kama gunia. Nataka kulala kwangu, kitandani kwangu."

Manasseh akaanza kusema kwamba wainamishe vichwa waombe. Edinah akamwambia, si kwa ubaya, "Omba ukitembea, mzee. Mvua inazidi."

Nyabuto alipiga magoti kwenye tope mbele yake. Maneno yaliyomkaa kooni tangu ile Sabato yalimtoka sasa, yote kwa pamoja. "Ni mimi nimekufungia njia, Edinah. Ni mimi. Nilijua na nikavuta. Niliogopa watu waniseme. Nimekuua kwa sababu ya kuogopa watu."

 Edinah hakumwambia si kweli, maana hawakuzoea kudanganyana. Alimwekea mkono kichwani, kwenye kofia iliyolowa.

"Ni wewe," akasema. "Na pia wewe ndiye uliyekuwa ukinichongea barabara. Yote mawili ni yako, nitafanyaje? Inuka, nasikia baridi."

Honi ikalia tena. Nyabuto alijua vizuri kwamba akigeuka amegeuka, hakuna Jumanne nyingine. Alitazama chini ambako gari lilikuwa, akatazama juu ambako nyumba ilikuwa, na mahali pote pawili palikuwa mbali. Kisha akageuza mgongo, akachuchumaa, na Manasseh akamsaidia kumfunga mkewe leso.  Wakaanza kupanda.

Alitaka kukimbia, amfikishe kwenye joto, amwashie moto, ampikie chai. Miguu ikawa inateleza kwa pupa hiyo. Edinah akamgusa bega.

"Polepole, Baba Purity," akasema karibu na sikio lake. "Hatuna haraka tena."

Naye akapunguza mwendo, akapanda analia, na Manasseh akawa anatembea nyuma yao bila kuinua uso.